Mtoto wa Benjamin Franklin hakufa kwa chanjo

Wapo wanaosema mtoto wa Benjamin Franklin, mwanasiasa na mwanasayansi wa Marekani, aliuawa na chanjo ya ndui. Hapana, haikumuua. Francis, waliyezoea kumwita Franky, alikufa Novemba 1736 akiwa na miaka 4, naye hakuwa amechanjwa kabisa. Uvumi huo ni wa zamani, ulianzia hukohuko Philadelphia, na Franklin mwenyewe aliukanusha mwezi uliofuata kwenye gazeti lake, Pennsylvania Gazette: alikuwa anasubiri mtoto apone kuhara kwanza ndipo achanjwe, ndui ikamuwahi. Kwenye tawasifu yake, miaka mingi baadaye, bado anajuta, na anawaambia wazazi wanaoogopa kuchanja waangalie yaliyomkuta yeye.

Ila hofu ya watu haikuwa ya bure. Siku hizo walikuchana ngozi kidogo wakakupaka usaha wa mgonjwa wa ndui, na wapo waliokufa kweli. Njia ya daktari Mwingereza Edward Jenner, iliyo salama zaidi, ilikuja 1796, Franklin keshazikwa.

Yule mtoto wa Franklin aliyekosana na baba yake ni mwana mwingine, William, gavana wa New Jersey aliyebaki upande wa mfalme wa Uingereza Marekani ilipopigania uhuru. Watu huwachanganya sana.