Chanjo ya Korona ukiwa mjamzito: nenda na maswali yako, na uende na mtu wako

Juzi dada mmoja mwenye mimba ya miezi minne aliniuliza kama ni kweli nilidungwa chanjo ya Korona nikiwa na mtoto tumboni, na kama sikuogopa. Niliogopa sana. Ndiyo maana naandika.

Mimba yangu ya pili iliingia Aprili 2021, tukiishi Manyatta hapa Kisumu. Haikupita muda tukasikia ile aina mpya ya kirusi, Delta, imeingia kwetu. Kufikia katikati ya Juni, kaunti 13 za upande huu, kuanzia Busia mpaka Bomet, ziliwekewa kafyu ya saa moja jioni. Kila nikilala nilikuwa nikiwaza: uchungu ukinishika saa nne usiku, nani atanibeba?

Jirani yangu, mlango wa tatu kutoka kwetu, alikuwa na mimba ya miezi saba. Alianza na kikohozi, akadhani ni vumbi. Siku ya nne hakuweza kumaliza maneno matano bila kutafuta pumzi. Walipomwingiza kwenye tuktuk niliona vidole vyake vikiwa vimeshika leso, kucha zimegeuka rangi ya zambarau. Alipona, Mungu ni mwema, lakini mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, akabebwa kifuani ngozi kwa ngozi wiki nyingi mpaka akapata uzito wa kutoka hospitali.

Yule mama hakuwa na kisukari wala presha. Mimba yenyewe inatosha. Tumbo likipanda, mapafu yanabanwa, na moyo unafanya kazi ya watu wawili. Mjamzito akishikwa na Korona kali, hatari ya kulazwa chumba cha wagonjwa mahututi inapanda kuliko kwa mwanamke wa umri wake asiye na mimba, na pia hatari ya kujifungua mapema au kumpoteza mtoto.

Mwezi huohuo wa Juni nilienda kituo kimoja kuuliza chanjo. Aliyekuwa mezani aliangalia tumbo, akasema, "Wewe zaa kwanza," akaita anayefuata. Niliumia. Baadaye nilielewa jibu lile lilikotoka, ingawa namna ya kulisema sijaikubali mpaka leo. Chanjo hizi zilipofanyiwa majaribio mara ya kwanza, wajawazito hawakuhusishwa, kwa hiyo mwanzoni mwa 2021 hata Shirika la Afya Duniani lilizungumza kwa tahadhari. Kisha maelfu ya wajawazito wakachanjwa Marekani, Uingereza na Israeli, wakafuatiliwa, na haikuonekana kwamba chanjo inaharibu mimba. Ushauri ukabadilika. Mtu akikuambia "mbona kwanza walikataa, sasa wanakubali," mwambie ni kwa sababu sasa kuna la kuonyesha.

Nyumbani shida ilikuwa nyingine. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Luanda, ile ya Vihiga, kunisaidia, na hakutaka hata kusikia neno chanjo. "Mwanangu, hiyo inafunga kizazi." Baba watoto akanyamaza, na mume akinyamaza mbele ya mamake unajua amesimama wapi.

Sikubishana naye. Nilimwomba anisindikize kliniki. Nikachukua kalamu, nikaandika maswali yangu matatu nyuma ya kijitabu cha mama na mtoto, nisije nikasahau nikifika mbele ya sista.

Ilikuwa Septemba, Moderna kutoka Marekani imeshafika nchini. Sista alitukalisha sote watatu, mimi, Mama na kifungua mimba wangu wa miaka sita aliyekuwa na mandazi mkononi. Aliposikia habari ya kizazi hakucheka. Alimuuliza Mama, "Unakumbuka chanjo ya pepopunda, 2014?" Mama akaitikia. Nani asiyekumbuka? Mwaka ule ilisemwa mpaka makanisani kwamba sindano ya pepopunda ina dawa ya kuwafanya wanawake tasa. Mimi nilidungwa wakati uleule, nikiwa na mimba ya huyu wa mandazi. Sista akamtazama mtoto, akatazama tumbo langu, akanyamaza. Mama naye akatazama. Najua mtu mmoja si utafiti, lakini pale kwenye benchi ndipo bega lake liliposhuka.

Kisha sista akatueleza taratibu. Hakuna kirusi hai ndani ya sindano hii. Inabeba maelekezo ya kuufundisha mwili kumtambua adui, maelekezo yenyewe yanayeyuka baada ya siku chache, na vinasaba vya mtoto havifikii. Kingamwili, yaani askari ambao mwili wako umewatengeneza kupigana na kirusi, ndizo zinazopita kwenye kondo na kumfikia mtoto, na hilo ni jambo kubwa, kwa sababu mtoto wa chini ya miezi sita hana chanjo yake mwenyewe ya Korona. Anachokuwa nacho ni kile ulichompa wewe.

Nilidungwa siku hiyohiyo, ya pili baada ya siku 28. Mkono ulikuwa mzito kama nimechota maji mchana kutwa, na usiku homa ikapanda. Nilimeza Panadol jinsi sista alivyonielekeza, asubuhi nikaamka mzima. Usiiache homa ikuchome eti unaogopa dawa. Homa kali nayo si nzuri kwa mtoto. Lakini usijinunulie Brufen, hasa mimba ikipita wiki 20. Na kwa sisi wa kandokando ya ziwa, homa ikipita siku mbili usiseme "ni sindano tu." Nenda upimwe malaria. Chanjo ya Korona haikuondolei haja ya neti wala vile vidonge vya kuzuia malaria unavyomeza kliniki mbele ya sista.

Siku hizi dharura ilishatangazwa kwisha, tangu Mei 2023, na si kila kituo kina chanjo hii. Uliza mapema, kabla ya kulipa nauli. Kama una presha, kisukari, au uliwahi kupata mzio mkali baada ya sindano yoyote, sema hilo kwanza kabla ya kukunja mkono wa nguo.

Na andika maswali. Langu la tatu lilikuwa kama nitaweza kunyonyesha mara moja nikijifungua kabla ya dozi ya pili, au nisubiri. Sista hakubahatisha. Akasema, "Hilo ngoja niulize," akaliandika kiganjani mwake kwa kalamu yangu. Niliporudi kwa dozi ya pili alinipa jibu kabla sijaketi: nyonyesha kama kawaida, hata kingamwili nyingine zinapita kwenye maziwa.