Kabla ya Kukosoa Imani ya Jirani, Anza na ya Kwako

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana wa Tabora anayeimba katika kwaya ya kanisa moja mjini humo, au tuseme aliyekuwa akiimba, kwa kuwa hadi ananiandikia alikuwa amesimamishwa. Kosa lake ni kuuliza, katika kundi la simu la washirika, kwa ushahidi gani chupa ya mafuta ya upako inauzwa kwa ahadi ya kuponya kisukari. Wazee wa kanisa wamemwandalia barua ya kuomba radhi na wanasubiri saini yake. "Shikamoo mwalimu," aliandika, "je, imani ya watu yafaa kukosolewa hadharani, au nimemkosea Mungu?" Nilimjibu siku ile ile kwamba asisaini karatasi yoyote inayosema hakuwa na haki ya kuuliza, na kwamba kama yupo mtu aliyemtolea neno la kejeli, amfuate na kumwomba radhi ana kwa ana. Jibu hilo lilikuwa fupi. Hapa nalieleza kwa kirefu, kwa sababu najua kwamba wengi mnaosoma makala zangu mnataka kuandika, kusikika na kuwafaa watu wenu, na mapema au baadaye mtafika alipofika kijana huyu.

Mimi nilifika huko zamani. Nilikuwa mshirika wa kanisa moja hapa Kigoma, upande wa Mwanga, nikiwa katibu wa idara ya vijana, na jirani yetu alikuwa mama mmoja muuza mawese ambaye aliishi na shinikizo la damu kwa miaka mingi. Katika semina ya uponyaji alitangazwa mbele ya kusanyiko kwamba amepona, akashangiliwa, akaacha vidonge. Baadaye alipata kiharusi kilichoulegeza upande wake wote wa kulia. Jumapili iliyofuata tulihubiriwa kwamba upungufu wa imani humfungulia adui mlango, na hakuna aliyeuliza lolote. Nilirudi nyumbani nikaandika makala. Sikumtaja mama yule, wala mchungaji, wala kanisa. Niliandika kwamba anayetangaza uponyaji mbele ya watu anadaiwa uthibitisho mbele ya watu wale wale, na kwamba kumwachisha mgonjwa dawa kabla daktari hajampima ni kuuchezea uhai wa mtu.

Niliitwa mbele ya baraza la wazee. Mzee mmoja alisoma Zaburi ya 105, "Msiwaguse masihi wangu", akaifunga Biblia kana kwamba shauri limekwisha. Nikawaambia kwamba zaburi ile inazungumzia wafalme waliokatazwa kuwadhuru akina Ibrahimu, na kwamba Daudi naye alitiwa mafuta na Samweli, lakini Nathani hakuogopa kumwendea na kumwambia, "Wewe ndiwe mtu huyo." Sijawahi kutoa jibu zuri kuliko hilo maishani mwangu, na ndilo lililonitoa kanisani. Baba yangu alipofariki mwaka huo huo, turubai lilifungwa, mikeka ikatandikwa, lakini kwaya niliyoichangia sare haikuonekana msibani. Waliochimba kaburi na kukesha nasi walikuwa vijana wa msikiti ulio karibu na kwetu. Mama yule mwenyewe alimtuma mwanawe aje kuniambia kwamba nimemwanika. Hilo liliniuma kuliko kutengwa, na hata sasa sikubaliani nalo, kwa sababu makala ile iliwasema waliomtangaza, haikumsema yeye. Leo baadhi ya wazee wale wale hunitumia rasimu za mahubiri yao niwasahihishie lugha. Huwa nazisahihisha, na lugha siyo kitu pekee ninachokigusa.

Sasa tulitazame swali lenyewe. Katiba yetu ya mwaka 1977 inalinda uhuru wa maoni katika ibara ya 18 na uhuru wa imani katika ibara ya 19, na ibara hiyo ya 19 inataja waziwazi uhuru wa mtu kubadili dini yake. Watu hupita haraka juu ya maneno hayo. Mtu hawezi kubadili dini bila kulinganisha, wala hawezi kulinganisha pasipo mtu kumwonyesha kasoro ya kile anachokiacha. Katiba iliyokupa ruhusa ya kuhama imekwisha kukubali kwamba utasikia hoja za kukufanya uhame, na kwamba hoja hizo zitasemwa kwa sauti. Kinacholindwa na ibara ile ni mtu anayeamini: asipigwe, asifukuzwe kazi, nyumba yake ya ibada isichomwe. Sijaona mahali inapoahidi kwamba kile anachokiamini hakitahojiwa.

Yapo mengine katika sheria ambayo mwandishi chipukizi anapaswa kuyajua kabla ya kushika kalamu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu cha 129, inamtia hatiani mtu anayetamka neno kwa kusudi la makini la kuumiza hisia za kidini za mwenzake, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha mwaka mmoja. Kusudi ndilo linalopimwa. Kijana wangu wa Tabora aliuliza habari za mafuta na kisukari, na hakuna msomaji mwadilifu anayeweza kulisoma swali hilo akaona kusudi la kumuumiza mtu. Lakini nakushauri, ndugu msomaji, uandike kila mara kwa namna ambayo hata asiyekupenda ataliona kusudi lako bila kulitafuta.

Wapo wanaosema kwamba mambo haya ni ya Wazungu. Wanaosema hivyo hawaijui Ujiji, mji wa zamani hapa Kigoma. Katika miaka ya 1980 na 1990 mihadhara ya kulinganisha dini ilienea nchini kote, na wahubiri wa kutoka Ujiji walikuwa miongoni mwa waliotangulia. Nilipokuwa mtoto nilisimama katika viwanja hivyo nikitazama meza moja yenye Biblia na Kurani, kipaza sauti kikikoroma, mhubiri akimwamuru msomaji wake afungue sura na kusoma kwa sauti, huku umati ukiitikia takbiri upande mmoja na "Bwana asifiwe" upande wa pili. Swali lilikuwa karibu kila mara ni lile lile, kama Yesu ni Mungu au sivyo. Niliipenda mihadhara ile, lakini ilikuwa na upungufu ambao umri umenionyesha: kila upande ulikosoa kitabu cha mwenzake na kuhesabu waliosilimu au waliookoka, na sikumbuki hata mara moja mhubiri akisimama kuuliza kuhusu fedha, ndoa au tiba katika nyumba yake mwenyewe. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni kwamba uanze na imani yako. Unaijua, unaipenda, na ukikosea, watu wako watakuvumilia kidogo zaidi kuliko jirani.

Vitabu vyenyewe havikuogopa jambo hili. Eliya, juu ya mlima Karmeli, aliwaambia manabii wa Baali wapige kelele zaidi, huenda mungu wao amelala. Katika Kurani, Ibrahimu alivunja masanamu ya watu wake, akaliacha kubwa kuliko yote, kisha akawaambia waliulize hilo. Wote wawili wangepata tabu mbele ya kifungu cha 129. Mapadri wa White Fathers, wamisionari wa Kikatoliki, walifika Tabora mwaka 1878 na Ujiji mwaka 1879, na tangu siku hiyo imani za babu zetu kuhusu mizimu zimeitwa upagani na ushenzi katika mahubiri bila mtu yeyote kuandaliwa barua ya kuomba radhi. Dini iliyoingia nyumbani kwa Waha ikikosoa haina msingi wa kukataa kukosolewa na wajukuu wa Waha.

Najua kinachohofiwa. Mbagala, mwezi Oktoba 2012, ugomvi wa watoto wawili ulifikia mmoja wao kukojolea Kurani, na makanisa yakachomwa moto. Hofu hiyo haikuzuka bure. Hata hivyo kitendo kile hakikuwa ukosoaji wa hoja yoyote, na jinai iliyowadhuru watu ilikuwa ya wale waliowasha moto. Pale serikali inapowaadhibu wenye maneno ili wenye viberiti watulie, wenye viberiti huona kwamba vinafanya kazi. Pakistani ni mfano wa wazi: Asia Bibi, mama Mkristo, alihukumiwa kifo mwaka 2010 kwa tuhuma ya kukufuru, gavana Salmaan Taseer aliyemtetea akauawa mwaka 2011, na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikamwachia huru mwaka 2018 kwa kuwa ushahidi haukusimama. Miaka minane ilimpita. Uingereza, kwa upande wa England na Wales, iliifuta sheria ya kukufuru mwaka 2008. Ireland iliamua kuiondoa kwa kura ya maoni mwaka 2018. Denmark iliifuta mwaka 2017, kisha mwaka 2023 ikatunga sheria mpya dhidi ya kudhalilisha maandiko matakatifu hadharani, hivyo tusidanganyane kwamba walio huru wamekwisha kulimaliza jambo hili.

Lakini sikuandika makala yangu kwa ajili ya Denmark. Niliandika kwa sababu ya kiharusi. Mwaka 2011 foleni za magari zilielekea Loliondo kunywa dawa ya miti ya mchungaji mmoja mstaafu, kikombe shilingi 500, na walioacha dawa zao kwa sababu ya kikombe kile walikuwapo. Waliohoji waliitwa wasio na imani. Februari 2020 watu 20 walikufa Moshi wakikanyagana kuyawahi mafuta ya upako. Shakahola nchini Kenya, mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kumwona Yesu. Na huku kwetu magharibi vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, kwa kuwa watu wanaamini kwamba macho hayo ni ya wachawi, ilhali moshi wa kuni za miaka mingi unatosha kuyafanya yawe hivyo. Hiyo nayo ni imani. Anayesema kwamba imani isiguswe awaeleze wajukuu wa vikongwe hao ni ipi iguswe na ipi iachwe.

Mimi naamini kwamba imani inayobaki moyoni mwa mtu haina deni kwa mtu yeyote, ila ikishatoka kudai fedha yangu, mwili wa mgonjwa au kura ya bunge, imejiita yenyewe barazani. Basi, mdogo wangu, kosoa dai, usimkosoe mwenye kudai. Andika kilichosemwa, lini na mbele ya nani. Acha kejeli, kwa kuwa humpa mpinzani wako njia ya kukwepa swali. Na narudia tena, anza na kwenu. Asiyeweza kumuuliza mchungaji wake au shehe wake swali moja gumu hana ujasiri bado. Ana ushabiki tu, na ushabiki umejaa nchi hii hata bila msaada wako.

Nanyi viongozi wa dini mnaonisoma, na najua mnanisoma, msingoje mwanakwaya awe adui ndipo mjue kuna swali. Wekeni nafasi ya maswali baada ya mafundisho, na tangazeni madhabahuni, kila mnapoombea wagonjwa, kwamba asiyepimwa na daktari asiache dawa. Yapo makusanyiko hapa Kigoma yanayofanya hivyo tayari na hayajapungukiwa na waumini. Mojawapo ndiko ninakosali sasa, na mchungaji wetu hulitoa tangazo hilo kabla ya sadaka.