Tunaishi ghorofani, bustani hatuna: watoto watapendaje mimea na viumbe?

SWALI: Shikamoo, mtaalamu. Tunaishi ghorofa ya pili, Upanga, Dar es Salaam. Nina watoto wawili, wa miaka 9 na 6. Mwaka jana tuliwapeleka hifadhi ya wanyama ya Mikumi, wakafurahi sana, lakini hata wiki haikuisha wakarudi kwenye simu na katuni. Mdogo akiona mdudu wa aina yoyote ni mayowe. Nataka wakue wakipenda mimea na viumbe, isiwe furaha ya siku moja tu. Nianzie wapi?
Mama wa wawili, Upanga

JIBU: Marahaba, mama. Safari ya Mikumi haikupotea bure, ila mtoto hazoeani na kitu alichokiona mara moja kupitia dirisha la gari. Huzoeana na kile anachokikuta kila siku, anachokigusa, anachokumbuka jana kilikuwaje. Kwa hiyo anzia jikoni kwako.

Siku mkikamua ndimu, usitupe mbegu. Mpe kila mtoto mbegu tatu nne azifukie zikiwa bado mbichi, kina kifupi tu, kwenye kopo lililotobolewa chini, likae kibarazani panapopata jua. Kumwagilia iwe kazi yao wenyewe, asiwafanyie dada wa kazi. Matunda msiyatarajie karibuni. Mimi nautaka mndimu huo kwa ajili ya mgeni wake.

Kuna kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya njano, yupo karibu kila mahali Afrika kusini mwa Sahara, mijini pia. Jike hutafuta majani ya jamii ya ndimu, limau na chungwa, akataga yai mojamoja kwenye majani machanga. Yai ni la njano, dogo kama kichwa cha pini. Kiwavi anayetoka hufanana kabisa na kinyesi cha ndege, ndiyo maana ndege humpita. Akikua hugeuka kijani. Mwambie mkubwa amguse taratibu kwa kijiti nyuma ya kichwa: atachomoza pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali, kisha azirudishe ndani. Hazimdhuru mtu. Baadaye hujifunga kwenye tawi akawa pupa, yaani hutulia ndani ya ganda akigeuka kipepeo, na siku ya kutoka mbawa zake huwa zimekunjamana. Msimsaidie kutoka; atajinyoosha mwenyewe.

Majani yataliwa, hilo likubali tangu mwanzo, na usipulize dawa. Viwavi wakiwa wengi kuliko mche unavyoweza kubeba, wahamishieni wengine kwenye mndimu au mlimau wa jirani. Baadhi wataliwa na ndege au nyigu. Usiwafiche watoto jambo hilo, waache waulize na wahuzunike.

Sasa huyo mdogo. Usimcheke, wala usimshike mkono kwa nguvu ili aguse. Mwache asimame mbali anapopataka, asogee akipenda. Lakini jiangalie na wewe: mtoto husoma uso wa mama. Ukirukia kandambili kila mende anapopita, somo ameshalipata. Hofu yake nayo si ya kufuta yote, ni ya kuipa maarifa. Mvua zikinyesha mfundishe kutofautisha jongoo na tandu. Jongoo ni wa mviringo, mwendo wake wa polepole, karibu kila pingili ina jozi mbili za miguu, akiguswa hujikunja; anakula majani yaliyooza. Majimaji yake huweza kuwasha na kuacha madoa, hivyo wanawe mikono na wasijishike macho. Tandu ni bapa, ana mbio, kila pingili ina jozi moja ya miguu, na anauma vibaya. Huyo ni wa kumkwepa. Nimeona watoto waoga wakigeuka walimu wa wenzao baada ya kujua tofauti hii moja tu.

Kwa kuwa bahari mnayo karibu, tumieni mwezi. Ukiandama au ukiwa mpevu, siku hizo na zinazofuatia huwa za bamvua: maji hujaa sana na kupwa mbali sana, mwamba ukabaki wazi na kaa na konokono wake. Mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu: hayajai sana wala hayapwi mbali. Mkubwa wako wa miaka 9 anaweza kutazama mwezi usiku akatabiri Jumamosi mtakuta nini ufukweni, kisha mwende kuhakikisha.

Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira wa Kenya, katika hotuba yake ya Nobeli mwaka 2004, alikumbuka kijito alichokuwa akienda kumchotea mama yake maji. Alijaribu kuokota mayai ya chura akidhani ni shanga, yakamkatikia vidoleni. Baadaye akaona maelfu ya viluwiluwi. Ilikuwa kazi ya nyumbani tu, mahali palepale.

Msipotaka kusubiri mbegu, nunueni mche kwa wauza miche wa kando ya barabara, ila muulizeni kama umepuliziwa dawa. Kama umepuliziwa, chagueni mwingine. Na kama miezi ikapita bila yai lolote hapo juu, shusheni mche chini uani, karibu na maua. Vipepeo hupita zaidi huko.