Kwa nini surua haimrudii mtoto, ilhali malaria humrudia

Ndugu, umeuliza kwa nini mwanao aliyeugua surua mara moja hajaugua tena, ilhali malaria humrudia karibu kila msimu wa mvua. Nakusihi usidhani kuwa kinga yake ni dhaifu, kwa maana tofauti inatokana na vijidudu vyenyewe.

Virusi vya surua vinapoingia mwilini, chembe nyeupe za damu huvitambua kwa protini zilizo kwenye ganda lake na kutengeneza kingamwili za kuzinasa, kisha baadhi ya chembe hizo hubaki miaka mingi zikitunza kumbukumbu. Na kwa kuwa protini hizo hazibadiliki kwa urahisi, kumbukumbu hiyo haipitwi na wakati. Mwaka 1846, daktari Peter Panum alipochunguza mlipuko wa surua katika visiwa vya Faroe, aligundua kuwa wazee waliougua mwaka 1781 hawakuugua tena, ingawa miaka 65 ilikuwa imepita.

Kimelea cha malaria hujificha kwanza ndani ya ini, halafu ndani ya chembe nyekundu, na kile aina ya falsiparamu kina jeni zipatazo 60 za kubadilisha protini inayojitokeza juu ya chembe hizo, hivyo kingamwili za jana hazimtambui mgeni wa leo. Watu wazima wanaoambukizwa mara kwa mara hupata kinga ya kiasi, nayo hupungua wakihamia kusiko na malaria. Mtoto wako bado hajaifikia. Alale ndani ya chandarua chenye dawa, na homa ikianza apimwe siku hiyo hiyo.