Wanafunzi wa uuguzi wanaobabaika wakitoka wodini

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kwa nini wanafunzi wako wa shahada, hodari wodini, wanababaika wakipelekwa kwenye jamii. Wamezoea kumhudumia aliyekuja, na huku kwenye jamii kazi kubwa ni kumtafuta ambaye hajaja.

Kabla ya ziara yoyote ya nyumbani, wape rejista ya chanjo. Tuseme watoto 200 walipata dozi ya kwanza ya Penta (chanjo moja inayokinga magonjwa matano), na 164 wakafikia ya tatu. Tofauti ni 36. Gawanya kwa 200, zidisha kwa 100: asilimia 18 wameachia njiani. Ikizidi 10, kuna tatizo. Hapo wengi hukimbilia kusema akina mama waelimishwe. Usiwakubalie upesi. Waulize kwanza: kliniki hufunguliwa siku zipi? Chanjo ziliwahi kuisha? Tarehe ya kurudi iliandikwa kwenye kadi?

Ndipo waende kwa familia za watoto walioachia njiani, wawili wawili, wasikilize kabla ya kushauri. Wiki moja haitoshi kabisa. Kaya zilezile zitembelewe muhula mzima, na alama zitokane na ufuatiliaji, si unene wa ripoti.