Makazi Yetu: Rangi Mpya Imeficha Nini?

SWALI: Ndugu mwandishi, mimi na mume wangu tumeona nyumba ya vyumba vinne inayouzwa Gungu, hapa Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Iko kwenye mteremko, imepakwa rangi hivi karibuni, na dalali anatuhimiza tulipe kianzio kabla ya mwisho wa mwezi. Kaka yangu anayeishi Marekani anasisitiza tusitoe hata shilingi kabla nyumba haijakaguliwa na mtaalamu. Mume wangu anasema mthamini wa benki ameshafika, kwa hiyo ukaguzi mwingine ni kutupa fedha. Huyo mkaguzi hufanya nini ambacho mthamini hakukifanya?
Msomaji wa Gungu

JIBU: Dada yangu, kaka yako amekushauri vema, ingawa anazungumza kutoka nchi ambako kazi hii ina watu wake maalumu, wenye chama chao tangu mwaka 1976. Huko mnunuzi hukubaliana bei na muuzaji kwanza, kisha humlipa mkaguzi aipitie nyumba kwa muda wa saa 2 hadi 4 na kuandika ripoti, ndipo mauziano yakamilishwe. Kwetu, anayefaa kufanya kazi hiyo ni mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, au msanifu majengo aliyesajiliwa na bodi yake, akifuatana na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji.

Mthamini aliyekuja alikuwa na swali moja tu, nalo ni la bei: nyumba hii ikiuzwa leo, benki itarudishiwa kiasi gani? Hakupanda darini, wala hakutakiwa kupanda. Mkaguzi anauliza hali ya nyumba yenyewe: kipi kimechoka, kipi ni hatari, na kipi kitadai fedha zenu ndani ya miaka michache. Kazi ya tatu ni upekuzi wa hati kwa Msajili wa Hati, unaoonyesha mmiliki ni nani na kama nyumba imewekwa rehani. Hakuna hata moja kati ya hizi tatu inayochukua nafasi ya nyingine.

Kwa kuwa nyumba iko kwenye mteremko, mkaguzi makini hataanzia ndani. Atasimama upande wa juu wa kiwanja na kuangalia maji ya mvua yanatoka wapi na yanaelekea wapi, kwa sababu nyumba nyingi za mji wetu uliojaa vilima huharibiwa na maji yanayopita chini ya msingi polepole, msimu baada ya msimu, mpaka udongo unahama na jamvi, yaani sakafu ya zege, linabaki likiwa limeshikiliwa na hewa. Atatafuta michirizi ya udongo mwekundu ukutani, mtaro ulioziba, na sehemu ambapo msingi uliokuwa umefukiwa sasa unaonekana. Kama kuna ukuta wa kuzuia udongo, ataangalia kama umeachiwa matundu ya kutolea maji na kama umeanza kuinama. Ukuta usio na matundu hubeba uzito wa udongo pamoja na uzito wa maji, na siku ukishindwa hautoi taarifa. Ikiwezekana, nendeni mkaione nyumba mvua ikinyesha. Dalali hatapenda, lakini hakuna kipimo kinachoshinda hicho.

Kisha atasoma nyufa, na hapa ndipo watu wengi hutishika pasipo sababu au hutulia pasipo sababu. Nyufa nyembamba kama unywele, zilizotapakaa kwenye plasta kama utando wa buibui, kwa kawaida ni za plasta iliyokauka haraka. Ufa unaoanzia kwenye kona ya dirisha na kupanda mshazari ni habari nyingine, hasa ukionekana pande zote mbili za ukuta, au ukizidi upana wa milimita 5, kwani mara nyingi maana yake ni kwamba linta, yaani boriti ya juu ya madirisha na milango, ni dhaifu au msingi umeshuka upande mmoja. Ufa wa zamani uliotulia si sawa na unaoendelea kufunguka. Mafundi hugandisha kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa saruji. Kioo kikivunjika baada ya wiki kadhaa, nyumba bado inatembea. Kigoma tuko kwenye Bonde la Ufa, na tetemeko la Desemba 5, 2005, lenye ukubwa wa 6.8, lilitokea chini ya Ziwa Tanganyika, kwa hiyo muulizeni muuzaji kama ukuta ulisukwa nondo kwenye linta na kama anazo picha za wakati wa ujenzi.

Rangi mpya si kosa, lakini mkaguzi ataigusa. Plasta iliyojitenga na ukuta hutoa sauti ya mtungi mtupu ikigongwa, na unyevu unaopanda kutoka ardhini huacha chumvichumvi nyeupe karibu na sakafu, ambayo hurudi hata ukipaka mara tatu.

Darini ndiko ambako mnunuzi hafiki kamwe. Niliwahi kupanda kwenye dari ya nyumba moja ya Mwanga ambayo kwa chini ilikuwa safi kabisa, yenye jipsamu ya maua na taa za kupendeza. Kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, ilionekana nzima, rangi ya mbao haijabadilika, ila pembeni mwa papi moja, mbao inayopigiliwa bati, palikuwa na njia ya udongo mkavu, upana wake kama kidole. Niliisukuma mbao kwa bisibisi, ikazama mpaka kwenye mpini kana kwamba nimechoma muhogo uliochemka. Mchwa walikuwa wamekula kila kitu na kuacha ganda. Mwenye nyumba alishangaa kuliko sisi.

Umeme, mabomba na choo hukaguliwa kwa kujaribiwa: swichi zinawashwa, koki zinafunguliwa zote kwa pamoja, maji yanamwagwa kwa wingi ili ionekane kama shimo linapokea. Waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, unafuatwa mpaka ulipozikwa. Kama maji ni ya kisima, kiwe mbali na shimo la choo, angalau mita 30, na kisiwe upande wa chini wa mteremko.

Mkaguzi habomoi ukuta wala kung'oa sakafu, na ripoti yake haisemi nunua au acha. Baada ya kuisoma mna njia tatu: kuomba bei ipunguzwe kwa gharama ya matengenezo, kumtaka muuzaji atengeneze kabla ya malipo ya mwisho, au kuondoka. Mkaguzi mtafuteni wenyewe. Anayeletwa na dalali analipwa na mtu ambaye chakula chake kinategemea nyumba hiyo iuzike.

SWALI: Nauza nyumba yangu ya miaka mingi iliyopo Ujiji, si mbali na ziwa. Mnunuzi anataka kuleta mhandisi aikague. Naona kama ananiita mwongo. Je, ninaweza kumkatalia?
Mzee wa Ujiji

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Nyumba ni yako, na hakuna aingiaye bila idhini yako. Ila ukikataa, mnunuzi atajaza mwenyewe kile asichokiona, na atakijaza kwa hofu na kukitoa kwenye bei. Ni heri ukaiitia mkaguzi wewe kwanza.

Nyumba nyingi za zamani za Ujiji zilijengwa kwa tofali mbichi na baadaye zikapigwa plasta ya saruji. Kama yako ni hivyo, sema wazi. Si aibu: ukuta wa udongo ulio na msingi mkavu na upenu mpana huishi miaka mingi sana, isipokuwa saruji ya juu hufungia unyevu ndani, na mhandisi ataligundua hilo kwa kugonga mara moja. Usizibe nyufa wiki hii. Kwa kuwa uko karibu na ziwa, pimeni umbali kutoka ufukoni, kwani Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60, na wakazi wa mwambao hawajasahau jinsi maji yalivyopanda miaka hii ya karibuni.

Tayarisha hati, kibali cha ujenzi kama kipo, na risiti za matengenezo uliyoyafanya. Siku ya ukaguzi hakikisha LUKU ina uniti na maji yanatoka, vyumba vyote viko wazi pamoja na kile cha mpangaji, na azima ngazi kwa jirani mapema.