Barua kwa mwanangu: marobota yale nani aliyalowesha?

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Unauliza kwa nini mpaka leo dunia haina sheria moja ya mzigo unaopanda meli, treni na lori, maana kontena la mteja wenu limefika Kigali lina maji na kila mmoja anamsukumia mwenzake. Msomi wa sheria ni wewe. Mimi nilikuwa karani wa kuhesabu tu hapa bandarini Tanga. Lakini yale marobota ya katani unayakumbuka, yaliyotukosesha nyama Idi nzima?

Yalishuka kwa behewa kutoka Korogwe, yakaingia tishari la baba yako mdogo. Siku zile meli zilitia nanga nje zikafuatwa huko huko. Winchi ilipoinua, maji yakachuruzika. Nikapenyeza mkono ndani ya robota: joto, na harufu ya uvundo. Maji ya asubuhi ile hayavundishi katani, nikasema ni behewa. Nikalamba kidole: chumvi. Basi ni tishari! Ila mkono wenyewe ulikuwa umeshika kamba za bahari tangu alfajiri.

Reli wakasema yalitoka makavu, meli wakasema yamefika mabichi. Na mimi nilishaandika "makavu". Nikakatwa mshahara miezi mitatu. Karatasi ndiyo shahidi, mwanangu, nimekwambia tangu u mdogo.

Ndiyo maana mkataba wa Geneva wa 1980, ule wa mzigo unaopanda chombo zaidi ya kimoja, niliupenda. Aliyepokea mzigo kuusafirisha safari nzima anajibu yeye, hata isipojulikana umelowa wapi. Ugomvi na reli au tishari ataumaliza baadaye mwenyewe. Ili uanze kutumika zilitakiwa nchi 30. Rwanda, Burundi, Malawi na Zambia, wasio na bahari, wakaingia, idadi haikutimia. Ule wa Rotterdam wa 2008 unataka 20 tu, nao bado. Sisi tumo kwenye wa Hamburg wa 1978, wa baharini. Na kila chombo kina kipimo chake cha juu cha fidia: kwa sarafu ile ile ya hesabu ya IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, lori la Ulaya hulipa hadi 8.33 kwa kilo, meli ya Hamburg 2.5. Mwenye meli atahama kwa hiari?

Hilo kontena lenu, tazama kwanza sili ya mlangoni, ile lakiri, na karatasi ya kulipokea Dar iliandikwa nini.

Baba yako mdogo kila Idi huniuliza kama bado namdhania. Namjibu sijui, na kweli sijui. Turubai lake lilikuwa na tundu la kupita ngumi, hilo nililiona kwa macho yangu. Lakini usimwambie nimekuandikia.

Baba yako